Namna ya Kuteleza kwa Heshima: Mwongozo wa Theluji kwa Watu wa Mnarani

Kabla ya kutafuta glavu, liondoe kichwani lile wazo kwamba theluji si yetu. Mwezi Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, katika kaunti yetu hii ya Kilifi, aliuona Kilimanjaro ukiwa na kilele cheupe. Wataalamu wa jiografia kule Uingereza walimkatalia kwa miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wao walikuwa kwenye viti vyao. Kiongozi wa msafara wa Rebmann alikuwa pale pale anatazama, naye alikuwa na jina la ule weupe tayari: baridi. Mimi naliona hilo kuwa neno la kwanza la mwongozo huu, na limetoka kinywani mwa msafiri wa kwetu.

La pili ni jina la mtu. Sabrina Simader alizaliwa hapa Kilifi mwaka 1998. Mama yake alimpeleka Austria akiwa na miaka mitatu, na baba yake wa kambo akampandisha juu ya ski. Mwaka 2018, Pyeongchang, Korea Kusini, aliibeba bendera ya Kenya, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mwaka ule ule aliozaliwa, mwezi Februari, Philip Boit alikuwa amekimbia ski kule Nagano, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Alimaliza wa 92, wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akasimama mwishoni mwa njia kumngoja, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kwa hiyo ukishuka kwenye gari ukiwa mweusi peke yako mlimani na watu wakakutazama, watazame na wewe, kisha wasalimie. Njia imeshapitwa.

Sasa chagua kilima. Wenyeji wako, kama ni watu wa kujionyesha, watataka kukupeleka kwenye mji mkubwa wa ski wenye mahoteli, muziki na magari ya kamba yanayopaa kama ndege. Kataa kwa adabu. Omba kilima kidogo cha kijijini, chenye lifti moja ya zamani, kibanda kimoja cha chakula na mteremko ambao mtu aliye juu anaweza kumwita aliye chini kwa jina. Nilipokwenda kumtembelea dada yangu, aliyeolewa Austria ya Juu, shemeji alinipeleka kwenye kilima cha namna hiyo, alichofundishiwa yeye na babake. Mtu wa Mnarani ataielewa sehemu hiyo upesi. Ni kama bandari ndogo: kila mtu anajua chombo cha nani kimetoka, na nani bado hajarudi.

Vilima hivi vinapungua. Vingi viko chini, theluji yake ni ile tu inayodondoka yenyewe, na miaka ya joto imeacha lifti nyingi zikiwa zimesimama na nyasi chini yake. Piga simu asubuhi kabla ya kuondoka. Ukiambiwa kuna theluji, usiseme utakwenda wiki ijayo. Maji ya bamvua hayamngoji mtu, nayo haya yameganda tu.

Mazoezi yaanze nyumbani, wiki tatu kabla. Panda na ushuke zile ngazi zinazotoka majini hadi kwenye magofu ya Mnarani, kila asubuhi kabla jua halijakaza. Ukifika juu pumzika karibu na msikiti mkuu na lile kaburi la mnara, ambalo limesimama pale kwa karne nyingi bila kutetemeka magoti. Yako yatatetemeka. Misuli ya mapaja ndiyo itakayokubeba mlimani, na hakuna anayeweza kukukopesha. Jioni, shuka chini ya daraja ukamwombe mvuvi akupakie kwenye ngalawa upepo ukiwa na nguvu. Usikae katikati kama mgeni. Simama, sikiliza nyayo zako, jifunze jinsi chombo kinavyokuambia kinakotaka kuinamia.

Kuhusu mavazi sina mengi. Nenda Kongowea. Katika marobota ya mitumba mna jaketi za ski zilizovaliwa misimu miwili huko Ulaya zikatupwa, na ndizo wanazovaa madereva wa boda boda alfajiri. Nunua moja, hakikisha zipu inafunga hadi kidevuni, irudishe ilikotoka. Yangu ilikuwa bado na kikaratasi cha lifti kimening'inia kwenye zipu, wino umefutika. Soksi vaa jozi moja tu, nyembamba na ndefu. Watakaokuambia uvae tatu wanakutakia mema, lakini soksi zikijikunja ndani ya buti utalia, na damu ikibanwa mguu unazidi kuganda. Paka mafuta ya nazi usoni kabla hujatoka nyumbani, ila kichupa kiweke mfuko wa ndani, karibu na kifua. Mafuta yetu ni maji kwa sababu hewa yetu ni ya joto. Kule yanageuka jiwe jeupe, na utabaki kukigonga kichupa mezani mbele za watu.

Ukifika, salimu. Kusini mwa nchi wanakosema Kijerumani husema "Grüß Gott", na kwenye kilima kidogo salamu hiyo hupewa kila mtu: mwenye kukata tiketi, mama anayemfunga mtoto kofia, mzee wa lifti. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kufundishwa zaidi. Nami nimeona kwamba aliyesalimiwa vizuri asubuhi ndiye atakayekuinua saa sita.

Buti za kukodi ni ngumu kama ndoo. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma. Vikigusa bado, omba nyingine, wala usione haya kumsumbua mwenye duka. Kisha vaa ski: kwanza kung'uta theluji chini ya soli, tanguliza ncha ya buti, halafu kanyaga kisigino hadi usikie mlio. Mlio huo ni ahadi ya pande mbili. Ski itakushika unapokwenda, na itakuachia ukianguka vibaya, ili mguu usivunjike.

Somo la kwanza ni kabari. Watoto wa kule huambiwa wazifanye ski umbo la kipande cha pizza, ncha za mbele zikaribiane na visigino vitanuke. Sisi tuna kabari ya kupasulia kuni na ya kuzuia gurudumu la lori kwenye mlima, na ndiyo hasa kazi yake hapa. Tanua visigino, mwendo unapungua. Tanua zaidi, unasimama. Usikubali kupanda lifti kabla hujaweza kusimama pale unapotaka wewe. Mimi nilitumia asubuhi nzima chini kabisa, nikipanda hatua kumi kwa ubavu kama kaa na kushuka tena, na sijutii hata dakika moja.

Halafu lifti. Hapa nitakawia, maana ndiyo moyo wa kilima cha kizamani. Usitazamie kiti. Kamba ya chuma inazunguka juu ya nguzo, na kutoka kwake zinashuka fimbo zenye mti wa kukingama mwishoni, mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Wako wanaoiita kwa Kijerumani lifti ya nanga, na jina hilo lilinifurahisha sana, kwa kuwa kwetu nanga huzuia na hii huvuta. Watu wawili husimama sambamba, mzee wa lifti anaudaka ule mti na kuupitisha nyuma yao, chini ya makalio, na kamba inawachukua.

Usikae. Nairudia kwa kuwa mwili wako utakataa kusikia. Kitu kikikugusa nyuma ya mapaja, mwili uliopanda boda boda na matatu miaka yote unajua jambo moja tu, nalo ni kukaa. Ukikaa, kamba inalegea na nyote wawili mnalala chini, na walio nyuma yenu wanawafikia. Shemeji aliniambia yote haya mara tatu, na bado nguzo ya pili ilinisikia nikipumua kwa hofu.

"Usikae, shemeji. Egemea."

"Naegemea!"

"Unakaa. Egemea kama ukuta wa barazani kwa mamako."

Hapo nikaelewa. Mtu anayeegemea ukuta wa baraza akizungumza na jirani ana uzito wake miguuni. Ukuta unamsindikiza tu. Ski zako ziwe sambamba, zielekee mbele, magoti yawe laini, na ongea na mwenzako. Safari ya lifti ya nanga ni ya dakika chache, ubavu kwa ubavu na mtu ambaye pengine hujui lugha yake. Msichana mdogo niliyepanda naye mara ya nne alinionyesha kwa kidole nyayo za sungura kwenye theluji kando ya miti. Lifti kubwa zenye vioo hupita juu sana kwa nyayo za sungura.

Juu, achia mti, ondoka njiani haraka, simama utazame. Kisha shuka kwa kubisha.

Neno hili tunalo tayari, sisi watu wa pwani. Nahodha anayetaka kwenda upepo unakotoka hauendei uso kwa uso. Hubisha, huku kisha huku, na mwisho anafika. Mlimani unaweza kushuka moja kwa moja, lakini utafika kabla hujawa tayari. Kata mteremko kwenda kushoto ukiwa na kabari yako, polepole, hadi ukingoni, geuka, kata kwenda kulia. Kila kona inakula mwendo. Mteremko wenye alama za buluu ndio wa kuanzia, nyekundu ni wa kesho, nyeusi ni wa jamaa ya Sabrina.

Katika kugeuka, onyo kwa wavuvi na watoto wa wavuvi: ngalawa itakudanganya. Kwenye ngalawa, chombo kikilala unahamishia uzito upande wa juu, upepo unakotoka, na unaokoka. Kwenye ski mwili utataka vivyo hivyo, kuegemea mlima, kuukimbia ule utupu wa chini. Fanya hivyo na ski zitateleza zikuache ukiwa umelala. Uzito uende mguu wa bondeni. Ukigeuka kulia, kanyaga kwa kushoto. Ukigeuka kushoto, kanyaga kwa kulia. Kifua kitazame bonde, na mikono iwe mbele kama aliyebeba sinia la chai ya wageni. Ilinichukua hadi alasiri kuamini kwamba usalama uko upande ninaouogopa, na siku hiyo hiyo nilipoamini, kona ilikuja yenyewe, laini, kama tanga linapopokea upepo upande wa pili.

Utaanguka. Ukiona huna budi, anguka kwa ubavu, upande wa mlima, mikono ukiikunja. Kuinuka: zigeuze ski zilale kukingama mteremko, chini yako, ndipo ujisukume. Na kumbuka sheria ya njia, iliyo kinyume cha barabara ya Mombasa hadi Malindi: aliye mbele na chini ndiye mwenye haki, na aliye nyuma na juu ndiye wa kumkwepa. Watoto wa miaka minne watakupita wakiimba. Wapishe.

Chakula cha mchana ni kwenye kibanda cha mbao, buti zikiwa zimelegezwa, mvuke ukitoka kwenye glavu zilizowekwa juu ya jiko. Asiyekula nguruwe aulize mapema, maana soseji nyingi na hata supu za dengu zinaweza kuwa naye. Asiyekunywa pombe ajihadhari na kikombe kinachoitwa Jagatee. Ni chai, ila imetiwa pombe kali. Agiza Kaiserschmarrn. Ni chapati nene ya mayai na maziwa, imechanwachanwa kikaangoni, imemwagiwa sukari ya unga, huja na rojo la plamu. Dada yangu alikuwa amebeba mahamri kwenye kitambaa na chupa ya chai ya tangawizi, tukamgawia mzee wa lifti alipokuja kupumzika. Alilinusa hamri, akauliza ile harufu ni ya nini. Iliki, dada akamwambia. Akala la pili.

Alasiri theluji inabadilika. Jua limeilainisha, sasa kivuli kinaigandisha, na mteremko ulioufahamu saa nne si ule tena saa tisa na nusu. Miguu nayo imechoka bila kukuambia. Shuka mara moja zaidi na uache ukiwa bado unatamani. Ukisikia mashine ya lifti ikizimwa, simama tuli. Kimya cha kilima chenye theluji kinafanana na kile cha hori letu alfajiri, maji yakiwa yamejaa na upepo haujaamka.

Kisha piga simu nyumbani kwa video kabla hujavua buti, mwanga usije ukaisha. Geuza kamera wayaone yote: nguzo, kibanda, miti iliyolemewa. Mama yangu alisogeza uso karibu na kioo, akanyamaza, akaniomba niokote kidogo nimwonyeshe. Nikaokota. Akatazama ikiyeyuka kiganjani mwangu mpaka ikawa maji.

"Haya," akasema, "na umekula?"