Namna ya Kushindwa Kununua Ploti Kapseret Bila Kuaibika

Kununua ploti Kapseret ni kazi nyepesi: uwe na pesa, kalamu, na mtu wa kukusifu. Kazi nzito ni kushindwa kununua, ukainuka mezani jina lako likiwa safi na pesa zako zikiwa benki. Nataka uijue kazi hii vizuri, kwa sababu wengi waliopoteza akiba ya miaka upande huu wa Eldoret hawakuporwa njiani. Walikuwa wameketi na marafiki, wakaitwa "mwekezaji", wakaona haya kusema la.

Presha ni kubwa, usiidharau. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na mabroka wamepata wimbo mpya: "Mkubwa, hapa sasa ni jiji." Mashamba ya mahindi ya Ngeria, Megun na Kipkenyo yanakatwa vipande. Uwanja wa ndege uko hapo hapo, na barabara ya mchepuko imeshapita. Wanunuzi ni walimu wenye mkopo wa sacco, wanariadha waliorudi na zawadi ya mbio, vijana wetu walioko Marekani na Qatar, na vyama vya kina mama. Wote wanataka kuitwa wenye ploti. Nawe unataka. Tuanzie hapo, tusifichane.

1. Ingia kwenye kikundi ukiwa na masikio, pesa ziache nyumbani.

Wawekezaji wa hapa hukutana kwenye nyama choma, kwenye mkutano wa chama, baada ya harambee. Nenda. Vaa vizuri, salimia wazee kwanza, kaa. Ukiulizwa bajeti yako, usitaje hata shilingi. Anayesema ana milioni moja na nusu atashangaa jioni hiyo jinsi kila ploti ya Kapseret inavyouzwa milioni moja na nusu. Sema: "Natafuta, bei ikiwa na akili." Maneno hayo hayamalizi pesa, na yatakufanya uonekane mzoefu.

Kisha waache wajisifu. Mtu hapendi kitu kama kusimulia alinunua wapi na kwa bei gani kabla haijapanda. Msikilize, mpongeze, halafu uliza kwa upole: "Na taito ilitoka baada ya muda gani?" Hapo utawajua. Mmoja atakutajia mwaka na jina la wakili, na huyo ndiye wa kumnunulia soda. Wengine watageukia habari za siasa.

Usisumbuke kutafuta urafiki na mwenye ploti nyingi. Tafuta sevea aliyepima mashamba ya eneo hilo, mzee wa kijiji, na mama mwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Mama huyo anajua ni nani amekuja kuonyeshwa shamba gani, mara ngapi, na akiletwa na broka yupi.

2. Chagua wa kumlaumu kabla hujaenda kuona shamba.

Huu ndio ufunguo wa mwongozo wote. Anayekataa kwa jina lake mwenyewe atabembelezwa mpaka alegee. Anayekatazwa na mtu mwingine huonewa huruma. Basi tafuta mtu asiyekuwepo, anayeheshimika na asiyeyumba.

Wakili anafaa sana: "Wakili wangu ni mkali, amenikataza kutia sahihi kabla hajaona karatasi." Chama pia kinafaa: "Lazima niwapelekee wanachama." Mke au mume ni kinga ya kisheria, kwani tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ridhaa ya mwenzi wa muuzaji ni jambo zito katika uuzaji wa ardhi ya familia. Kama upande wa muuzaji kuna mama anayepaswa kuridhia, hakuna atakayeshangaa kwamba na kwako yupo. Ukibanwa kabisa, sema mama yako mzazi hajaliona shamba. Uasin Gishu nzima hutapata broka wa kubishana na hilo.

Mwambie mapema huyo unayemlaumu. Asije akapigiwa simu akasema, "Mimi? Mimi sina shida."

3. Usipande gari la broka.

Akikupeleka kwa gari lake, akakununulia maji baridi na mayai ya kuchemsha, utarudi mjini na deni la adabu, na deni hilo hulipwa kwa kushika ploti. Panda matatu ya barabara ya Kapsabet, ushuke, utembee.

Mkikutana naye Jumamosi, rudi peke yako katikati ya wiki. Ikiwezekana rudi mvua inaponyesha, maana huku hunyesha miezi mingi, na kiwanja kilichokuwa kikavu na chenye upepo mzuri mwezi Januari kinaweza kuwa na bata mwezi Agosti.

4. Muulizie marehemu.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia zaidi.

Ukifika, salimia jirani. "Chamgei" itakufungulia lango. Ukikaribishwa mursik, kunywa. Usimuulize kama shamba linauzwa, atakuona broka. Uliza hivi: "Mzee aliyekuwa akiishi hapa, watoto wake wako wapi siku hizi?" Kisha nyamaza. Utasikia kuhusu nyumba mbili, wana saba, binti aliyeolewa Nandi ambaye hajaulizwa, na kitinda mimba anayeuza upande wa barabarani kwa sababu ana haraka.

Mashamba mengi huku bado yameandikwa jina la babu aliyekwisha kuzikwa. Sheria ya Urithi iko wazi: mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha, hakuna mwenye mamlaka ya kuuza ardhi ya marehemu, hata kama ni mwanawe, hata kama amezaliwa na kukulia hapo. Barua ya chifu haibadilishi hilo. Makubaliano yaliyoandikwa kwenye daftari la shule mbele ya wazee wanne hayabadilishi hilo. Utalipa, utajenga msingi, kisha siku moja utafika ukute ndugu ambaye hukuwahi kumwona amesimamisha kibao chenye maandishi mekundu: SHAMBA HILI HALIUZWI.

Ukiona kibao cha namna hiyo popote karibu, umepata njia nzuri kuliko zote ya kushindwa. Piga picha, mtumie broka, mwandikie: "Nitasubiri familia ielewane." Umeshindwa kwa ustaarabu, na familia yenyewe itakushukuru. Nalisema hili kwa uzito: nyuma ya kila kipande kilichouzwa kwa pupa kuna dada au mjane aliyeamka akakuta ua umehamishwa. Kukataa kwako kununua kunamlinda yeye kabla ya kukulinda wewe.

5. Fanya sachi, halafu usiiamini peke yake.

Omba nakala ya taito. Usipopewa, umeshindwa tayari, nenda nyumbani mapema. Ukipewa, fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi. Gharama yake si kitu mbele ya bei ya ploti. Tazama jina, ukubwa, mkopo wa benki, na tahadhari iliyowekwa na mtu. Linganisha jina na kitambulisho cha anayejiita mwenye shamba.

Kisha uliza shamba lilitoka kwa nani, na huyo alilipata kwa nani. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali ambacho mwaka 1989 kiligawiwa Rais Daniel arap Moi. Kampuni iliyokuja kukinunua baadaye ilikuwa na hati mkononi. Ikashindwa, kwa kuwa ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria. Kama hati ya kiwanja kilichoanzia kwa rais haikumwokoa mnunuzi, hiyo ya kwako uliyotumiwa kwa simu, ikiwa na kivuli cha kidole juu yake, ichunguze mpaka kwenye mizizi.

Na kama unachouziwa ni shea ya kampuni ya mashamba, taito "iko njiani", waulize wakazi wa mtaa wa Langas hapa Eldoret. Wameishi na kulea watoto miaka mingi huku umiliki wa shamba zima ukibishaniwa mahakamani.

6. Piga hesabu kwa sauti.

Broka atasema "pointi moja" na "hamsini kwa mia" kana kwamba ni kitu kimoja. Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000. Pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya ekari, ni futi za mraba 4,356. Kati ya hizo mbili kuna futi 644, yaani vyumba kadhaa vya kupangisha vimeyeyuka kwa ulimi. Zaidi ya hayo, taito huandikwa kwa hekta: hamsini kwa mia inakaribia 0.0465, pointi moja inakaribia 0.0405. Ziandike nambari hizo kwenye simu yako leo.

Halafu uliza kama barabara ya kuingilia imetolewa nje ya ploti au ndani yake. Mwite sevea akuonyeshe bikoni za mipaka. Broka akisema bikoni zimefukiwa na trekta, sema: "Basi nitarudi zikifukuliwa." Hakuna aliyewahi kukasirishwa na jibu hilo kwa haki.

7. Jibu tetesi kwa tangazo.

Utaambiwa uwanja wa ndege unapanuliwa na serikali italipa mara kumi. Uliza tangazo liko wapi. Kutwaa ardhi kwa lazima hupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, na nia hiyo huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Lisipokuwepo, huna unachonunua ila maneno. Likiwepo, muuzaji amelisoma kabla yako.

Na ukiota ghorofa karibu na njia ya ndege, kumbuka kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina neno kuhusu urefu wa majengo karibu na viwanja vya ndege.

8. Siku ya kalamu.

Utaitwa haraka. Kutakuwa na mtu mwingine "anayekuja saa nane na pesa taslimu". Mtakie heri. Mwambie broka: "Akichukua, ni riziki yake." Ikifika saa tisa utapigiwa simu kuambiwa yule hakufika, na bei imelegea kidogo.

Ukiombwa pesa kidogo ya kushikilia, sema pesa zako zinapitia akaunti ya wakili tu. Hakikisha jina la wakili huyo limo kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, na awe wako, asiwe wa muuzaji aliyekubali kuwasaidia wote wawili.

9. Ukikosa sababu ya kushindwa.

Inatokea. Utafika kwenye kiwanja ambacho mwenyewe yu hai, mke wake ameridhia mbele yako, jirani anakionea fahari, bikoni zote ziko mahali pake, na sachi ni safi. Wakili wako naye amekosa la kusema. Hapo acha ujanja, nunua.

Kama bado ni ardhi ya kilimo, ombi lipelekwe Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi 6 tangu kutia sahihi, la sivyo mkataba wako unakuwa batili kisheria. Weka kando ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini au 2 mashambani, na uulize mapema kiwanja chako kinahesabiwa wapi sasa kwa kuwa jiji limekuja. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni ya muuzaji, akijaribu kukusukumia mrudishie. Usimalizie malipo kabla ya kuiona idhini ya Bodi na fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi. Taito ikitoka kwa jina lako, zungushia senyenge wiki hiyo hiyo, panda miti mpakani, na mpe jirani nambari yako ya simu.

Kwenye mkutano ujao, marafiki wakikuuliza kama umepata kitu, waambie bado unaangalia. Kile kiwanja kinachopakana na chako hakijauzwa, na bei yake itapanda siku watakapojua kwamba wewe ndiye unayekitaka.