Shikamoo, Tuta

Barabara kuu nambari 1 ya Meksiko huanzia Tijuana, mpakani na Marekani, ikateremka rasi yote ya Baja California mpaka Cabo San Lucas: kilomita 1,700 na ushei za jangwa, milima na pwani. Tangu ilipokamilika mwaka 1973, walioipita wamesifu madungusi yake, nyangumi wa kijivu wanaozalia kwenye hori zake, kambakoche wa El Rosario, hata vumbi lake. Mtumishi mmoja tu ndiye aliyenyimwa shukrani, naye hufanya kazi usiku na mchana bila mshahara wala likizo. Huyo ni tuta la barabarani. Dhuluma hii imedumu zaidi ya nusu karne. Leo nasimama kumtetea mheshimiwa huyu, na anayetaka kucheka acheke, ila awe kwenye gia ya kwanza.

Tuanze na nasaba. Yapo matuta yaliyozaliwa ndani ya ndoa, ya lami au saruji, yenye cheti cha serikali na kibao cha njano kinachotangulia mbele kuwaonya wageni. Yapo ya vichwa vya chuma vya mviringo, vimepangwa safu kuikata njia, ambayo humtambua abiria mwenye meno ya bandia hata akiwa amefunga mdomo. Na yapo yaliyozaliwa usiku: wanakijiji wamechoka kuzika, wakachanganya zege, wakalimwaga barabarani bila kumpigia hodi mhandisi yeyote. Kwingine Meksiko hutandazwa kamba nene ya meli kutoka ukingo hadi ukingo, kazi ikaisha. Hawa wa nje ya ndoa ndio wenye kimo kirefu na adabu fupi. Nao ndio niwapendao zaidi, kwa kuwa hakuna anayemwaga zege gizani bila sababu.

Anayetaka kuijua thamani ya tuta sharti kwanza alipite jangwa. Ukishaiacha El Rosario, lami inakuwa nyembamba kiasi kwamba malori mawili yakipishana madereva huvuta pumzi, na pembeni hapana pa kuegesha: lami ikiisha ni korongo. Kushoto na kulia umesimama cardón, dungusi linalopita mita 10 kwenda juu, na cirio, mti mwembamba ulionyooka ambao hukosa uamuzi ukifika kileleni na kujipindia popote. Karibu na Cataviña kuna mawe makubwa yaliyorundikana hata mtu hujiuliza ni nani aliyeyabeba. Nyumba hakuna. Mtandao wa simu hakuna. Dereva akikaa humo saa tatu, kilomita 100 kwa saa humwonekea mwendo wa bibi harusi. Halafu, ghafla, mji. Na barabara kuu haiuzunguki mji. Yenyewe ndiyo mtaa mkuu. Huku shule, huku duka la mikate, na katikati lori la tani kadhaa ambalo akili ya dereva wake bado iko jangwani.

Mwendo wa gari ukiongezeka maradufu, nguvu yake ya kugonga huongezeka mara nne. Mwalimu wa fizikia anahitaji ubao, chaki na muhula mzima kulieleza hilo. Tuta hulieleza kwa sekunde moja, na mwanafunzi hasahau mpaka kiuno kipone. Katika bonde la San Quintín, ambako vibarua wengi waliohamia kutoka Oaxaca huchuma nyanya na stroberi, watu huivuka barabara hiyo alfajiri na jioni, gizani, wamechoka. Pale sina mzaha. Pale tuta ndilo linalowavusha.

Sasa haki yake. Kwenye vizuizi vya jeshi askari huuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, na begi lile lina nini. Tuta haliulizi. Halisomi nambari za gari, halijali ujomba, halijapata kupokea kitu kidogo. Mstaafu wa California anayevuta nyumba yake kwa magurudumu, askari, padri, muuza samaki, wote huinama mbele yake. Wabaya watasema kwamba gari jipya lililoinuka hulivuka likiimba, ilhali kigari cha mwalimu wa kijiji huacha ekzosi hapohapo. Ni kweli. Lakini nitajieni sheria moja ya nchi yoyote isiyomkwaruza zaidi aliye chini.

Kuhusu uchumi, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila hawakusema mgeni asimamishwe vipi. Tuta limejibu. Gari likipunguza mwendo, dirisha linafikika: karanga, machungwa, tamale za moto, mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu akitikisa kopo la michango. Hatua chache mbele kuna fundi wa matairi, amekaa kivulini, hana haja ya kuweka tangazo. Tangazo lake limelazwa barabarani.

Wanaolilaumu kwa kupoteza muda nawapeleka Guerrero Negro, mji wa chumvi, ulioko kwenye latitudo ya 28, mpaka wa majimbo mawili. Msimu wa baridi, ukiuvuka mpaka ule kwenda kusini, unanyang'anywa saa nzima kwa mstari usioonekana, nawe unaisogeza mishale ya saa yako kwa utii. Tuta linakuchukulia sekunde 10 na unamtukana mama yake.

Tazama pia unyenyekevu wake. Huko Santa Rosalía, mji uliojengwa na kampuni ya Kifaransa ya shaba tangu 1885, kuna kanisa la chuma lililoletwa vipande vipande kutoka Ulaya. Wenyeji hulihesabu kuwa kazi ya Gustave Eiffel, wanahistoria wanabishana, na watalii wanapiga picha. Chuma kikisimama wima, watu hugombania jina la fundi. Saruji ikilala chini, hakuna anayeuliza. Nalo tuta haliombi kuulizwa. Rangi yake ikifutika halidai nyingine. Linabaki na rangi ya lami, limejificha kabisa, na kwa wema huo linakuweka macho zaidi.

Ushahidi wangu mkubwa ni San Ignacio. Mji huo wa misheni ya Wajesuiti ya mwaka 1728 una chemchemi, kanisa la mawe na msitu wa mitende waliyoipanda mapadri, mbegu za zama za Waarabu huko Hispania. Momani angejiona kwao. Lakini mji umekaa pembeni, kama kilomita mbili kutoka barabara kuu. Wapo wanaopita moja kwa moja, wakaenda kusema Baja California haina kivuli. Laiti mji ungekuwa na tuta njia panda!

Ninazijua dosari zake. Lori likishika breki na kupanda tena gia, moshi wake huingia darasani. Gari la wagonjwa nalo hupunguza, na mgonjwa aliyevunjika mguu huhesabu matuta yote kwa sauti. Mtumishi gani wa umma asiye na malalamiko faili zima?

Nawe ukienda, jaza tangi El Rosario, kwa kuwa mpaka Guerrero Negro ni zaidi ya kilomita 300 na mafuta ya njiani, mengine ya mapipa, si ya kutegemea. Usiendeshe usiku, ng'ombe hulala kwenye lami yenye joto. Na ukiona lori la mbele limewasha taa za breki mahali ambapo huoni sababu yoyote, punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, na mwambie abiria wako wa nyuma aiweke soda chini.