Barua kutoka Ughaibuni: Sheshe Anavuka Mto kwa Sekunde Kumi

Kurenda ni kazi ya kompyuta kugeuza umbo la pande tatu, pamoja na taa na kamera zake, kuwa picha kamili. Katuni ya sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo sekunde kumi za sheshe, aina ya swala, akivuka Mto Kilombero kwa mtumbwi zinadai fremu 240. Wazee wa Ifakara, mji wa jirani, wanaouliza kwa nini asipite Daraja la Magufuli la mto huo, lililofunguliwa 2018, wajue kwamba mtumbwi ni rahisi kuuchonga kwenye kompyuta kuliko daraja la mita 384. Fremu moja ikichukua robo saa, kazi nzima ni saa 60: muda wa kutosha kupanda basi hadi Dar es Salaam, kununua viatu na kurudi.

Kinachochelewesha ni mwanga. Blender, programu huria tangu 2002 na kipenzi cha wanafunzi wenye mifuko mitupu, ina injini iitwayo Cycles inayofuata miale inavyogonga vitu na kudunda. Kwenye maji, miale mingine hurudi, mingine hupenya na kupinda. Mwanafunzi aliyechagua mpira sakafuni kwa kazi yake ya chuo huwa ameshalala. Aliyechagua bonde lililofurika bado anasubiri.

Mbali na kusubiri, tatizo la kwanza ni pinki. Mradi ukihamishwa kwa flashi kwenda kompyuta ya chuo, sheshe hutokea wa pinki kuanzia pembe hadi kwato. Si ugonjwa: programu haioni picha ya ngozi, iliyobaki kwenye laptop. Dawa ni kufungasha picha zote ndani ya faili la mradi kabla ya kuhama.

La pili ni chenga. Sampuli, yaani idadi ya miale inayofuatwa kwa kila nukta ya picha, zikipungua, picha huparuza na kujaa vidoa vinavyong'aa, ambavyo mafundi huviita vimulimuli. Kilombero usiku ni sawa kabisa. Kwa msahihishaji ni kasoro, hasa filamu ikiwa ya mchana. Sampuli huongezwa, na saa nazo huongezeka. Kichujio cha chenga huokoa muda, ila kikizidi, sheshe huonekana amenyolewa.

La tatu ni kumbukumbu ya kadi ya picha kujaa. Milima ya Udzungwa iliyo nyuma haihitaji kila jani. Picha bapa inatosha.

La nne ni kompyuta kujisasisha usiku wa manane na kujizima. Aliyerenda video moja kwa moja huamkia faili lisilofunguka. Aliyehifadhi kila fremu kama PNG huendelea pale ilipokomea. Waliokulia kwenye mgao wa umeme hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Mwisho fremu huunganishwa na sauti kuwa MP4. Ikitumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kama video, hubanwa na picha huingia ukungu. Itumwe kama dokumenti. Bando ni juu ya mpokeaji.