Jinsi ya Kubaki Dar Wakati Wenzako Wamekwenda Kuhesabiwa

Umeamua mwaka huu hupandi Moshi. Hongera. Mwongozo huu ni wako, Mchaga uliyebaki Dar es Salaam Krismasi kwa hiari yako mwenyewe. Watani huiita safari ile "kwenda kuhesabiwa", na utani umezeeka hadi wenyewe tumeuzoea. Kumbuka tu kwamba Yusufu naye, kwa mujibu wa Luka, alikwenda kwao kuandikishwa akiwa na mke mjamzito, wala hakuna palipoandikwa kwamba alitoa udhuru. Wewe unautoa. Basi tuutoe vizuri.

Kwanza, sababu. Itafute Novemba, kabla grupu la ukoo halijaanza kuulizana nani anapanda lini. Inayokubalika ni moja: zamu ya kazini. Hospitali, ulinzi, bandari, hoteli, popote ambapo Krismasi haifungi mlango. Usiseme huna nauli. Ukisema hivyo shangazi atakutumia nauli, na ya soda ya njiani juu yake, na hapo umekwisha. Usiseme umechoka, maana uchovu unatibiwa nyumbani. Usilalamikie mabasi kujaa: treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudishwa Desemba 2019, na mjomba anaijua ratiba yake kuliko mkuu wa stesheni. Ukishachagua zamu, kaa nayo. Ukimwambia mama ni ya usiku na dada ni ya mchana, watakutana jikoni.

Pili, nunua vitu mapema. Tarehe 20 iwe mwisho. Mji utapungua watu, Barabara ya Morogoro itapitika, utaanza kujiona mjanja. Kisha utataka mkate. Kwa Mangi kumefungwa. Kwa Mangi wa mtaa wa pili kumefungwa. Yule wa kona, anayefungua hata mvua ya mawe ikinyesha, ameacha kufuli mbili na yuko Rombo anakunywa mbege. Duka la vipuri, la mabati, hata ile baa uliyopanga kujifariji nayo, vyote vimepanda mlimani. Mangi atarudi Januari, na daftari la madeni hakulisahau huko.

Tatu, chakula. Pilau ya jirani italetwa, pokea. Lakini saa tano asubuhi utautaka mtori, kwa hiyo jiandae. Nenda soko la Mabibo, uliza mshare, na usikubali kupewa ndizi Bukoba kwa sababu muuzaji amesema ndizi ni ndizi. Mbege usijaribu kupika: inataka ndizi mbivu, ulezi, siku kadhaa na mkono wa bibi, nawe una ndoo moja na mwenye nyumba anayenusanusa. Nyama ndiyo itakusumbua zaidi. Kwenu mbuzi hukatwa kwa utaratibu, kila kiungo kina mwenyewe, na mtu akipewa kisicho chake kikao huitishwa. Hapa una kilo moja ya buchani na viungo vyote ni vyako. Usikae sana ukifikiria kama kile ulichokuwa unapewa miaka yote kilikuwa haki yako au walikuwa wanakuhurumia.

Nne, kanisa. Nenda. Utapata nafasi benchi la mbele, jambo ambalo Jumapili nyingine ni muujiza. Mama aliye pembeni yako atakuuliza kwenu ni wapi. Ukijibu Kibosho, atakuuliza taratibu kama nyumbani kuna ugomvi.

Tano, simu ya video, na hapa ndipo mtu huanguka. Itaingia kama saa nane mchana, nyama ikiwa motoni. Chaji simu, nunua bando kubwa, vaa shati jipya. Suruali si lazima, ila usisimame. Simu itapita mikononi mwa ukoo mzima. Utaona sikio la babu, dari, migomba iliyopinda, mgongo wa baba mdogo, na mtoto usiyemjua anayeuliza huyu ni nani. Kila mmoja atakuuliza umekula nini. Jibu kwa sauti, na usiwaulize wao: watakuonyesha. Usikate simu wewe kwanza. Mtandao wa mlimani siku hiyo umebeba Wachaga wote. Utakatika wenyewe, na itasemwa kwamba ni wewe uliyekata. Mwisho kabisa atapewa bibi. Hatakutazama. Ataweka simu sikioni, utaongea na giza. Ukitaka kuomba radhi, ujue Uchagani mzee huombwa kwa jani la sale, na jani halina namba ya simu. Atasema, "Haya, mjukuu wangu." Baada ya hapo hata wewe utaanza kuitilia shaka ile zamu.

Sita, pesa. Kama ulidhani kubaki ni kubana matumizi, pole. Aliyepanda hubeba mchele na sukari, asiyepanda hutuma. Mtumie mama, na ya kutolea uiweke. Mama atakitangaza kiasi mbele ya watu, kwa nia njema kabisa, na dakika kumi baadaye shangazi atakutakia heri ya Krismasi. Mtumie na yeye. Baba mdogo atakutakia mara mbili. Jioni usijumlishe miamala, na nauli ya kwenda na kurudi usiitafute popote.

Saba, tarehe 26. Nayo ni sikukuu, na zamu uliyoitunga haikufika huko. Huna kazi, huna mkate, mtori umekwisha. Pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, basi la Moshi siku hiyo lina viti, maana wa kupanda wote wamekwisha kupanda. Ni kilomita takriban 550. Ukiondoka alfajiri utafika jioni, na supu ya kichwa bado ipo. Hatukushauri. Ila ukienda, kaa kulia: milima ya Upare iko upande huo, na jua la mchana linapiga kushoto. Ukiulizwa kuhusu kazi, sema umebadilishana zamu na mwenzako Mwislamu. Bibi atataka kujua kwa nini hukubadilishana naye tangu tarehe 23.