Bamchango ya Kikao

Miaka 34 nimeshika chaki. Nimewafundisha watoto wa Mbuba kushika kalamu, kuacha nafasi kati ya neno na neno, kuanza sentensi kwa herufi kubwa na kuimaliza kwa nukta. Baadhi yao leo ni madaktari, baadhi wana mabasi, na wengine hadi leo wakiniona njiani wanavuka upande wa pili kwa sababu ya jedwali la 7. Nilipostaafu nikarudi kwenye migomba na kahawa yangu nikijua kwamba mimi na mambo ya kuandika tumeagana kwa amani. Kumbe yalikuwa yananisubiri nyumbani.

Kisa ni kikundi chetu. Tuko wanawake 15, tunaweka akiba, tunafuga nguruwe, tunagombana na kupatana. Jina la kikundi nimelihifadhi, na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kuhifadhi bila kukumbushwa na mjukuu. Basi tukasikia habari za ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Nne yetu tukaitaka. Lakini kikundi lazima kisajiliwe, na usajili unataka katiba. Mimi ndiye katibu, nikaiandika kwa mkono wangu, mwandiko ambao wakaguzi wa shule waliwahi kuuonyesha kwa walimu wengine. Nikaipeleka kwenye ofisi ambayo siitaji. Kijana akaigeuza mbele nyuma kama anayetafuta bei.

"Mama, hii ya mkono hatupokei. Ikachapwe."

Steshenari moja mjini Ngara wakanitajia elfu moja kwa ukurasa, na kila ukirudi na marekebisho unalipa upya. Kurasa tisa, marekebisho matatu, bodaboda kwenda na kurudi. Nilipopiga hesabu nikaona nguruwe mzima anaondoka zizini, mguu kwa mguu.

Mjukuu wangu wa kwanza, aliyemaliza kidato cha nne Novemba na anayesubiri matokeo kwa kulala mpaka saa nne asubuhi, akasikia nalalamika. Akatoa kwenye begi kompyuta mpakato ya mama yake, ambayo betri yake ilishakufa, ukichomoa waya tu nayo inakata roho.

"Bibi, kwani shida nini? Si uchape mwenyewe? Nitakufundisha."

"Mume wangu," nikamwambia, "mimi ndiye niliyekufundisha wewe herufi a."

"Basi tuanze na hiyohiyo."

Na a ndiyo iliyoanza kunitesa. Mpangilio wa herufi kwenye kibodi ulitengenezwa Marekani miaka ya 1870, kwa mashine za kuchapa, na aliyeupanga hakuwa na habari na sisi. Kiswahili bila a ni nini? Mama, baba, kahawa, maharage, katiba yenyewe. Lakini a wameitupa ukingoni kabisa kushoto, chini ya kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho kazi yake maishani imekuwa kuinuka tu ninaposhika kikombe. Q na X, ambazo kwa Kiswahili hazina hata shamba la kulima, nazo zimepewa viti. Siku ya kwanza nilichapa mistari miwili, na kidole kikanivuta usiku kucha.

Si kwamba nilikuwa mgeni kabisa. Shuleni tulikuwa na taipureta ya mwalimu mkuu, ya chuma, nzito kama gunia la saruji, na mitihani tuliichapa kwenye stensili kisha tukaizungusha kwenye mashine ya kudurufu mpaka viwiko viwe na wino. Ukikosea unapaka kile kidawa chenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri kikauke, unachapa juu yake huku umeshika pumzi. Waliosomea uhazili Tabora, wenye hatimkato yao, walikuwa hawakosei. Sisi wengine tulijifunza kufikiri kwanza ndipo tuguse.

Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Taipureta ukifika mwisho wa mstari unasukuma mkono wa chuma, kengele inalia, unaanza mstari mpya. Nikafanya vivyo hivyo: kila mwisho wa mstari, Enter. Kichwa cha habari nikakiweka katikati kwa kugonga kitufe cha nafasi mara 22, nikihesabu. Ukurasa ukapendeza. Kisha mweka hazina akataka tuongeze neno "hai" baada ya neno "mwanachama". Neno moja la herufi tatu! Nilipoliingiza, mistari yote ya aya ile ikakatika ovyo, mmoja mrefu, mmoja mfupi, kama nyayo za mtu anayetoka kilabuni. Mjukuu akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, mashine inashuka mstari yenyewe. Enter ni mpaka aya iishe."

"Sasa kengele iko wapi?"

"Hakuna kengele."

Kazi bila kengele mimi sijawahi kuifanya.

Kukata, kunakili na kubandika nilivielewa upesi, nakiri. Mjukuu alinisomea kwenye simu kwamba ni kazi ya Larry Tesler, Mmarekani aliyefariki Februari 2020, ambaye miaka ya 1970 katika maabara za Xerox kule California aliyapeleka kwenye kompyuta yale yaliyokuwa yakifanywa kwa mkasi na gundi. Nikamwombea. Nimekata stensili na kuziunga mara nyingi, najua uchungu wake. Huyu bwana angekuwa jirani ningempelekea mkungu wa ndizi.

Lakini yule aliyeifundisha mashine kusaidia bila kuombwa, huyo nyumbani kwangu hapewi hata maji.

Katiba ina vifungu, na vifungu vina herufi. Nikaandika (a), nikaandika (b), nikaandika (c), na ile (c) ikageuka mbele ya macho yangu ikawa ©. Nikafuta. Nikaandika tena. ©. Nikadhani kidole kimeteleza, nikaandika polepole, mabano, herufi, mabano. ©. Kumbe programu inaona mtu yeyote anayeandika c kwenye mabano anadai hakimiliki. Mimi nasema mwanachama atakayechelewa kikao atatozwa faini, mashine inanitangazia umiliki wa kazi ya sanaa. Nikaamua kutoka (b) kuruka hadi (d). Mwenyekiti akaniuliza kama c tumeifukuza kikundini.

Kisha mahali pa sahihi. Nikataka mstari wa kutia saini, kama tulivyozoea. Nikagonga vistari, vinne vitano, nikabonyeza Enter, na mstari ukalipuka kutoka ukingo hadi ukingo, umenyooka kama barabara ya kwenda Rusumo kwenye ramani ya mtoto. Nikataka kuufuta. Haufutiki! Nikaupanda juu, nikaushukia chini, nikauzunguka. Ufutio wa shule ungekuwa umeshaumaliza. Mjukuu akaeleza kwamba ule si mstari, ni mpaka wa aya, unaondolewa mahali pengine kabisa. Nikamuuliza tangu lini mtu akichora mstari ikawa mpaka. Kwetu mpaka unawekwa na watu wa ardhi, mbele ya mashahidi.

Na wekundu sasa. Miaka 34 kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia watoto mstari walipoandika "karamu ya wino" na "kalamu ya arusi", maana huku kwetu r na l zinakaa nyumba moja na kuazimana nguo. Leo kompyuta inanipigia mimi. Ukurasa mzima ulikuwa umeota vijidudu vyekundu chini ya maneno, kalamu na karamu sawasawa, bila haki. Lililopona ni "mama". Kumbe inasahihisha kwa kamusi ya Kiingereza. Hata "Mbuba" ilipigiwa mstari, na "Ngara" pia. Yaani mvua tunanyeshewa, kodi tunalipa, lakini hatupo. Mjukuu anasema wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wao wa Kilinux, walishatoa programu za ofisi zinazosema Kiswahili tangu mwaka 2004, wakaziita Jambo OpenOffice. Nikafurahi, nikauliza mbona hii haisemi. Akasema hii ni ya mama yake. Jibu ambalo kwa kijana wa umri ule linamaliza kila mjadala.

Jioni moja, nimefika ukurasa wa sita, radi ikapiga upande wa milimani, umeme ukazimika, na kompyuta, kwa kuwa haina betri ya kuishi nayo, ikazimika pamoja nao. Maporomoko ya Rusumo yako wilayani kwetu humuhumu, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, lakini radi ikishaamua haiulizi nchi. Umeme uliporudi kurasa nne hazikuwepo.

"Ulisevu, Bibi?"

Sikumjibu. Nilikwenda kuwapa nguruwe maji.

Tangu siku ile nikawa mtu wa kuhifadhi. Kontroli na S. Sentensi moja, Kontroli na S. Nikikohoa, Kontroli na S. Mjukuu akasema sasa nimekuwa mtaalamu, akaondoka kwenda Rulenge kwa shangazi yake siku tatu. Akaniachia kitu kimoja cha ziada, kama mtu anayemwachia mtoto kiberiti: namna ya kutafuta neno na kulibadilisha kote kwa mara moja.

Kikao kilichopita kilikuwa kimekubaliana kwamba neno "ada" liondoke kwenye katiba. Wanachama walisema linawakumbusha Januari na shule, linawapandisha presha. Tuseme "mchango". Zamani ningebishana. Wakati wa stensili hakuna mwanakamati aliyethubutu kubadili neno baada ya kuchapwa, walijua nitawapa kile kidawa wapake wenyewe. Sasa wamesikia kompyuta inafuta bila kovu, kila mmoja amekuwa mhariri. "Si unabonyeza tu, Mwalimu?" Basi nikabonyeza. Tafuta: ada. Weka: mchango. Badilisha zote.

Nilikuwa nimehesabu "ada" 23. Mashine ikaniambia imebadilisha 61. Nikajisemea, ama kweli macho yamezeeka, 38 nilikuwa siyaoni. Kontroli na S. Nikafunga. Nikalala usingizi wa mtu aliyesahihisha madaftari yote kabla ya likizo.

Kesho yake nikapeleka flashi mjini, wakanitolea kurasa tisa, sikusoma, nani anasoma kazi yake mwenyewe akiwa amelipia? Mchana tukakaa chini ya mparachichi. Mwenyekiti akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya ibada.

"Sehemu ya Tatu. Mmchangoraka ya Mwenyekiti."

Akanitazama. Nikatazama mparachichi.

"Kikundi kitapokea misamchango kutoka kwa wmchangou." Akameza mate. "Mwanachama asiye na mchangobu atamchangobishwa."

Mama mmoja akauliza kama hicho ni Kihangaza cha zamani. Mwingine akasema ni Kishubi. Mshubi tuliyenaye akakataa katakata. Yule aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mpaka akaapa kwamba hata Burundi hawasemi hivyo. Mwenyekiti, mwanamke mvumilivu kuliko wote ninaowajua, akaendelea: "Bamchango ya kikao, wanachama watafunga kwa sala."

Hapo ndipo nikaelewa. Ada imejificha kila mahali! Imo ndani ya madaraka, imo ndani ya adabu, imo kwa wadau na wadaiwa, imo tumboni mwa baada. Miaka yote nimefundisha silabi, ba-a-da, na sikuwahi kuiona. Nilimpigia mjukuu simu Rulenge. Akasema kuna kisanduku cha kutia alama ili itafute neno zima tu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nibonyeze Kontroli na Z. Nikamwambia nilishafunga faili. Kimya. Kisha kwa sauti ndogo: "Kwani ulisevu, Bibi?"

Nilisevu. Hiyo ndiyo shida. Nilisevu mara nne.

Nikakaa kuyarudisha kwa mkono maneno 38, moja moja, siku mbili, nikisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Katiba ikachapwa, (c) zikarudi baada ya mjukuu kumnyamazisha yule msaidizi, ikapelekwa ofisini, ikapokelewa. Kijana wala hakuisoma. Aligonga muhuri akiwa anaongea na simu.

Moja lilinikwepa. Ukurasa wa sita, kifungu cha mwisho, mpaka leo kinasema: "Bamchango ya kikao, mweka hazina atasoma hesabu." Wanachama walilipokea kama mtoto wa nyumbani. Siku hizi kikao kikiisha mtu anapitisha kikapu, kila mmoja anatupia mia mbili au tano ya uji na sukari, na hiyo ndiyo inaitwa bamchango. "Mwalimu, bamchango yako bado." Juzi mweka hazina ameniletea hoja rasmi kwamba, kwa kuwa fedha hizo zipo na jina lao lipo, ziingizwe kwenye fasili ya maneno, mwanzoni mwa katiba, kati ya "akiba" na "faini".

"Ni neno moja tu, Mwalimu. Si unabonyeza?"

Nimelichapa leo asubuhi, na kidole cha mwisho kinauma. Mashine imelipigia mstari mwekundu, uleule ilioipigia Mbuba. Nimebonyeza Kontroli na S.