Goji na mzee wa miaka 256

Mganga wa mitishamba Li Qingyun wa Sichuan, China, alifariki mwaka 1933. Mwenyewe alidai kazaliwa 1736. Mashabiki wake wakashikilia 1677. Basi alikufa na miaka 197 au 256. Tofauti ya miaka 59 si neno, watu husameheana. Wauza goji wanamtaja hadi leo: mzee alikuwa mlaji wa tunda lao. Cheti cha kuzaliwa hawakitaji.

Goji ni katunda kekundu, ndugu wa nyanya, biringanya na viazi mviringo. Sifa zake zilianzia Ningxia, kaskazini-magharibi mwa China, na Wachina wamelitia kwenye supu na chai kwa karne nyingi bila kelele. Lilipoingia maduka ya Ulaya na Marekani miaka ya 2000 ndipo likapanda cheo. Likawa tunda la Himalaya, ingawa Ningxia na milima hiyo hata hazipeani salamu. Likaanza kutibu macho, figo, uzee, na mfuko uliojaa kupita kiasi.

Haki yake lipewe: lina zeazantini, rangi iliyomo pia kwenye retina ya jicho.

Rangi hiyohiyo imo kwenye mahindi ya njano, lakini mahindi hayana wakala wa mauzo.

Madaktari nao wana habari yao: goji laweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mgonjwa akavuja damu. Katika matangazo, habari hiyo huachiwa herufi ndogo, zikibaki na nafasi.