Mashua ya Rangi Mbichi

Nimesonya jana mpaka wenzangu wakageuka. Kijana wetu mmoja, pesa kazichanga miaka, amekuja hapa kijiweni kahawa ikiwa bado ya moto, anatuonesha mashua kwenye simu. Ya kuvulia, ya mkono wa pili, buluu inang'aa. Kesho anapeleka malipo. Nikamuuliza, umeiona ikiwa kavu? Hajaiona. Inaelea, tena imepakwa rangi juzi tu.

Ah, jamani! Mwenye chombo kizima anaficha nini chini?

Sisi tuko Kunduchi, bahari inatusaidia bure. Ikifika bamvua, maji kujaa na kupwa hupishana kwa zaidi ya mita 3, na mashua inabaki imelala mchangani. Hapo ingia chini yake, lala chali kama fundi gari, ufuate mkuku kutoka omo hadi tezi na kisu mkononi. Mbao nzima inaikataa ncha. Iliyobunguliwa inaimeza. Geuza kisu, gonga kwa mpini, usikilize: penye uozo hapalii, panadidimia tu. Kichwa cha msumari kikichuruzika kutu, kwangua rangi pale uone mbao imeshikwa na nini.

Pamba ya kalafati ikichomoka kwa kucha, usikimbie, pamba inabadilishwa. Mimi naogopa mataruma. Taruma lililopasuka likapigiliwa kipande pembeni na kupakwa rangi, kulitoa ni kufumua ubavu, na hapo bei rahisi imekwisha. Tena tusimdhulumu muuzaji: mashua iliyokauka juani huvuja ikishushwa, mpaka mbao zinywe maji zibane. Ipe siku mbili. Ikiwa bado watu wanakumba maji, achana nayo.

Mashine nayo wauzaji wana mchezo wao, wanaiwasha kabla hujafika. Iguse. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi alfajiri uiwashe mwenyewe ikiwa baridi. Maji ya kupozea yatoke kwa nguvu. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usajili na leseni vitazame, na mauziano yaandikwe mbele ya serikali ya mtaa, basi.

Lakini kilichonisonyesha hasa si rangi. Nilimuuliza, unakwenda na nani kuitazama? Anakwenda na kaka yake mwenye duka, hodari wa kupatana bei. Na nahodha je? Nahodha ataitwa chombo kikishanunuliwa.

Hilo linaniuma, na kila siku ndivyo tunavyofanya pwani hii. Tajiri wa chombo analala kwake. Atakayekuwa nje ya mwamba saa nane usiku, kusi linavuma, anakumba maji kwa ndoo huku wenzake wanne wanamtazama usoni, hakuulizwa neno. Yule anajua mlio wa mbao iliyolegea kuliko mimi na wewe. Akitikisa kichwa, pesa irudi mfukoni, hata kama kaka mtu ameshapunguziwa nusu ya bei.

Kijana alinyamaza sana. Halafu akainuka, akaenda kumgongea nahodha mlango. Keshokutwa mwezi mpevu. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yametoka. Kisu nimempa changu.